Mchagua Jembe si Mkulima? Uteuzi wa Lugha ya Programu kwa Kampuni Changa Kupita Sifa za Kiufundi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu anayelinganisha mipini na makali dukani ilhali wenzake wamekwisha kupanda. Hata hivyo, mkulima wa Mbeere, ambako mvua haina subira, ana swali moja la haki kabla ya kutoa fedha zake: jembe hili likivunjika katikati ya palizi, ni nani hapa karibu atakayelitengeneza? Swali hilo halihusu ubora wa chuma. Linahusu mhunzi, umbali wa karakana yake, na iwapo atakuwa angali yupo msimu ujao. Kwa hiyo, methali haikatazi kuchagua. Inakataza kuchagua kwa kigezo kisichofaa.

Makala haya yanalihamisha swali hilo hadi katika uwanja ambao wanafunzi wa Kiswahili hawajauzoea sana, yaani uteuzi wa lugha ya programu unaofanywa na kampuni changa. Mijadala kuhusu lugha hizo kwa kawaida hutawaliwa na sifa za kiufundi: ipi ina kasi zaidi, ipi hutumia kumbukumbu ndogo ya kompyuta, ipi hunasa makosa mapema. Sifa hizo ni za kweli na hazipuuzwi hapa. Hoja inayotetewa ni kwamba uteuzi wa lugha ya programu ni tukio la kijamii kabla ya kuwa tukio la kiufundi, na kwamba mwanafunzi wa isimujamii tayari anazo zana za kulieleza. Ili kuthibitisha hoja hii, makala yanaanza na mkabala wa isimujamii, yanapitia historia ya usanifishaji wa Kiswahili, kisha yanashuka hadi katika soko la Kiritiri, Mbeere Kusini, ambako uamuzi wa namna hii unaweza kumfaidi au kumgharimu mtu asiyewahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Lugha ya programu na wasomaji wake wawili

Lugha ya programu ni mfumo wa maneno, alama na kanuni ambao mtu huutumia kuiandikia kompyuta maagizo. Lugha hizo ni nyingi, na miongoni mwa zinazotumika sana ni PHP, Python, Java na JavaScript. Karibu kila kazi inayoweza kufanywa kwa mojawapo yaweza pia kufanywa kwa nyingine, jinsi ambavyo jambo linaloweza kusemwa kwa Kiswahili laweza kusemwa kwa Kimbeere, ingawa huenda upande mmoja ukahitaji maneno mengi zaidi. Tofauti zilizopo ni za wepesi, kasi na usalama, wala si za uwezo wa kimsingi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kila programu ina wasomaji wawili. Msomaji wa kwanza ni kompyuta, ambayo haichoki wala hailalamiki. Msomaji wa pili ni binadamu atakayeifungua programu hiyo baada ya miezi au miaka ili airekebishe, kwa kuwa bei zimebadilika, sheria imebadilika, au hitilafu iliyojificha imejitokeza. Kwa msomaji wa kwanza, lugha yoyote iliyosakiniwa vizuri inatosha. Kwa msomaji wa pili, lugha huwa na maana ikiwa tu anaijua au ana njia ya kujifunza. Hapa ndipo lugha ya programu inapoacha kuwa chombo na kuanza kuwa lugha kwa maana tunayoifahamu: kitu kinachomilikiwa na jumuiya ya watumiaji.

Mwanaisimu Einar Haugen, alipoandika mwaka 1966 kuhusu usanifishaji wa lugha, alibainisha hatua nne: uteuzi wa lahaja itakayokuwa msingi, uratibishaji wa kanuni zake, upanuzi wa matumizi yake, na kukubaliwa kwake na jamii. Hatua mbili za kwanza zaweza kukamilishwa na watu wachache wakiwa wamejifungia chumbani. Hatua mbili za mwisho haziwezi. Upanuzi unahitaji watumiaji wengi wanaoitumia lugha katika nyanja mbalimbali, na kukubaliwa hakutolewi kwa amri. Lugha nyingi za programu zimeratibishwa kwa ustadi mkubwa na wabunifu wake, lakini zilikwama katika hatua ya tatu na ya nne. Kampuni changa inayotazama hatua mbili za kwanza pekee hununua kamusi na sarufi nzuri ya lugha isiyokuwa na wazungumzaji jirani.

Funzo la Kiunguja na Kimvita

Wasomaji wa jarida hili wanaikumbuka vyema kadhia ya uteuzi wa lahaja ya msingi ya Kiswahili sanifu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliafiki kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kimvita kilikuwa na watetezi wake, na watetezi hao hawakukosa hoja. Mombasa ilikuwa kitovu cha utunzi wa mashairi; Muyaka bin Haji alikuwa ametunga humo katika karne ya 19, na Ludwig Krapf alikuwa ameitafiti lahaja hiyo kwa miaka mingi. Kama kigezo kingekuwa utajiri wa fasihi na ukongwe wa tungo, lahaja za kaskazini zingekuwa na dai zito.

Lakini Kiunguja kilikuwa na kitu ambacho hakikutokana na muundo wake wa ndani. Misafara ya biashara iliyoanzia pwani iliyo mkabala na Unguja ilikuwa imekisambaza hadi Tabora, Ujiji na ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umetumia Kiswahili katika shule na ofisi za Tanganyika. Wamishenari, akiwemo Edward Steere aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, walikuwa wamekiandikia vitabu. Kwa ufupi, wazungumzaji walikuwapo tayari, na walikuwa wametawanyika mahali ambapo lugha ilitakiwa kwenda.

Ni kweli kwamba uamuzi huo ulikuwa na gharama. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili (1977), ni miongoni mwa walioujadili kwa jicho la uhakiki, na waandishi wa Mombasa na Lamu wamelalamika kwa miongo mingi kwamba msamiati na mbinu zao ziliachwa pembeni. Malalamiko hayo yanapasa kuzingatiwa, kwa maana yanaonyesha kwamba kigezo cha wingi wa watumiaji kinaposhinda, uzuri fulani hupotea. Funzo la kadhia hii ni kwamba anayeteua lugha huteua pia watu: nani atakayeingia kwa urahisi, na nani atakayebaki mlangoni.

Kisa cha kubuni: vijana watatu wa Kiritiri

Kiritiri ni mji mdogo wa soko na makao ya utawala wa Mbeere Kusini, katika Kaunti ya Embu. Eneo hili ni kame likilinganishwa na miteremko ya Mlima Kenya iliyo upande wa juu wa kaunti hiyo hiyo, ambako kahawa na majani chai hustawi. Wakulima wa Mbeere hutegemea mazao yanayostahimili ukame, kama vile ndengu, kunde na mtama, pamoja na muguka. Ndengu hukomaa kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hivyo mavuno huja kwa pamoja na kwa haraka. Mnunuzi naye huja na mizani yake, daftari lake na bei yake.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, kwamba vijana watatu wa eneo hili wanaanzisha kampuni. Nia yao ni kwamba mkulima akipeleka ndengu katika kituo cha kukusanyia, uzito uandikwe kwenye programu, mkulima apate ujumbe mfupi wa simu papo hapo, na malipo yamfikie kwa M-Pesa. Kijana wa kwanza amehitimu shahada ya sayansi ya kompyuta na anaipenda lugha moja mpya, yenye muundo wa kupendeza, ambayo hakuna mwingine yeyote karibu naye anayeijua. Wa pili hana shahada, lakini amekuwa akitengeneza tovuti za shule na makanisa kwa PHP, na ndiye anayeitwa tovuti hizo zinapozimika. Wa tatu ni msichana aliyekuwa karani katika chama cha ushirika. Haandiki programu, ila anajua jinsi gunia, debe na gorogoro zinavyoweza kuzua ugomvi kati ya mkulima na mnunuzi.

Mabishano kati ya wawili wa kwanza yanaweza kuendelea usiku kucha. Wa kwanza atasema kwamba lugha yake hunasa makosa ambayo PHP huyapitisha, na huenda akawa anasema kweli. Wa pili atasema kwamba PHP imemlisha kwa miaka minne. Swali la karani ndilo linalostahili kuanza: siku mmoja wenu atakapopata kazi Nairobi, na tarehe hiyo iangukie wiki ya mavuno, ni nani atakayefungua kitu hiki na kukielewa? Sehemu zinazofuata zinalijibu swali hilo kwa kuzingatia vigezo vinne.

Kigezo cha kwanza: watu waliopo na wanaokuja

Lugha huishi mahali inapofundishwa. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2016, ndicho chuo kikuu kilicho jirani na Kiritiri. Kampuni ya Kiritiri inayotafuta mfanyakazi wa pili au wa tatu yaelekea itamtafuta miongoni mwa wahitimu wa vyuo vya eneo hilo, au miongoni mwa vijana waliojifundisha wenyewe kwa simu na kompyuta ya kuazima. Wote hao hujifunza lugha zenye masomo mengi ya bure, mifano mingi na watu wengi wa kuuliza.

Aidha, mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu wa Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili, na lugha iliyomo katika mafunzo hayo ni Python. Hatua hiyo haiifanyi Python kuwa bora kuliko nyingine kiufundi. Inaifanya kuwa lugha ambayo mtoto wa Gachoka au Kiambere anaweza kukutana nayo shuleni, na hilo ni jambo zito kwa kampuni inayotarajia kuwapo baada ya miaka kumi.

Ipo pia sababu ambayo mara nyingi haitajwi. Kijana wa kwanza anajua kwamba lugha mpya itampamba katika barua ya kuomba kazi Nairobi au ng’ambo. Tamaa hiyo si dhambi. Kila msomi hupenda elimu yake impeleke mbele. Lakini sababu hiyo ikifichwa nyuma ya maneno kama vile kasi na usalama, kampuni hulipia masomo ya mtu mmoja bila kujua kwamba imelipa. Uadilifu unadai kwamba sababu ya kijamii itajwe kwa jina lake.

Kigezo cha pili: daraja na maktaba

Hatua ya tatu ya Haugen, yaani upanuzi wa matumizi, ina sura mahususi katika ulimwengu wa programu. Lugha hupanuka kwa maktaba, yaani mafungu ya programu yaliyoandikwa na wengine ambayo mwandishi mpya anaweza kuyachukua na kuyatumia. Kampuni ya Kiritiri inahitaji mambo mawili yasiyohitajiwa kwa namna hiyo hiyo na kampuni ya California: kupokea na kutuma fedha kwa M-Pesa, na kuzungumza na simu ndogo zisizo na intaneti kupitia ujumbe mfupi na menyu za USSD, zile zinazofunguliwa kwa nyota na alama ya reli.

M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya mwaka 2007. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua mlango kwa waandishi wa programu kwa huduma iliyopewa jina la Kiswahili, Daraja. Kinadharia, lugha yoyote inayoweza kutuma ujumbe kwenye mtandao inaweza kuvuka Daraja hilo. Kiutendaji, mtumiaji wa PHP, Python au JavaScript hukuta mifano iliyokwisha kuandikwa na Wakenya wengine waliokumbana na makosa yale yale, ilhali mtumiaji wa lugha adimu hana budi kujijengea kila kitu mwenyewe. Hali kadhalika, kampuni ya Africa’s Talking ya Nairobi, ambayo hutoa huduma za ujumbe mfupi na USSD, imetayarisha maktaba kwa lugha zinazotumika sana. Anayechagua lugha iliyo nje ya orodha hiyo hajakatazwa chochote. Amejiongezea kazi tu, na kazi hiyo haimpi mkulima hata punje moja ya ziada.

Mfano wa Ushahidi unafaa kukumbukwa hapa. Mradi huo ulizaliwa Januari 2008 wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Kenya, kutokana na wito wa Ory Okolloh na kazi ya Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao. Jukwaa walilolitoa kwa umma liliandikwa kwa PHP, lugha ambayo wataalamu wengi huikosoa kwa muundo wake usio na mpangilio. Hata hivyo, PHP hukubalika karibu katika kila seva ya kukodi ya bei nafuu, na watu wanaoijua ni wengi. Jukwaa hilo lilitumika katika nchi nyingi, ikiwa ni pamoja na Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Kwa kazi iliyotakiwa kuchukuliwa na wageni na kusimikwa kwa haraka, lugha iliyozoeleka ilikuwa na faida ambayo haionekani katika jedwali la kasi.

Kigezo cha tatu: mwenye lugha na umri wa lugha

Kila lugha ya programu ina mwenyewe: kampuni, taasisi, au jumuiya ya watu wanaojitolea. Mwenye lugha anaweza kuiacha. Visual Basic 6, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1998, ilipendwa na watu wengi waliotengeneza programu za maduka na ofisi ndogo. Microsoft ilikoma kuihudumia kikamilifu mwaka 2008, na waliokuwa wameitegemea wakabaki na kazi ya kuhama. Hata jumuiya iliyo huru yaweza kuwasumbua wafuasi wake: toleo la pili la Python liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na programu zilizoandikwa kwa toleo hilo zililazimika kurekebishwa ili ziende na toleo la tatu. Tofauti ni kwamba wafuasi wa Python walikuwa wametangaziwa miaka mingi kabla, na walikuwa wengi kiasi cha kusaidiana kuhama.

Upo vilevile upande wa sheria. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2021, kampuni za Oracle na Google zilishtakiana nchini Marekani kuhusu matumizi ya sehemu za Java katika mfumo wa simu wa Android, hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kwa upande wa Google. Kampuni ya Kiritiri haitarajii kesi kama hiyo. Hata hivyo, ni busara kuuliza mapema: nani ana haki ya kuibadilisha lugha hii, kuitoza ada au kuizika?

Urithi nao unaweza kuchukua miongo. Mwezi Aprili 2020, wakati janga la korona lilipowafutisha kazi Wamarekani wengi, gavana wa jimbo la New Jersey aliomba hadharani watu wa kujitolea wanaoijua COBOL, lugha iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu mifumo ya zamani ya jimbo lake ilikuwa imeelemewa na maombi ya fidia. COBOL haikuwa imevunjika. Waliopungua walikuwa watu wa kuisoma. Iwapo jimbo tajiri laweza kufika hapo, kampuni ya watu watatu yaweza kufika hapo kwa siku moja tu, siku ambayo mmoja wao atapanda matatu ya kwenda Nairobi asirudi.

Kigezo cha nne: lugha ya binadamu ndani ya lugha ya programu

Kigezo hiki ndicho kinachomhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa karibu zaidi. Maneno ya msingi ya lugha zinazotumika sana yametolewa katika Kiingereza. Hali hii si ya kimaumbile. Ni ya kihistoria. Lugha ya Ruby ilibuniwa Japani na Yukihiro Matsumoto na kutolewa mwaka 1995, na kwa miaka ya mwanzo maelezo yake mengi yalikuwa kwa Kijapani. Ilianza kujulikana sana nje ya Japani baada ya kitabu cha Kiingereza kuihusu kutoka mwaka 2000, na zaidi baada ya kiunzi cha Rails kutolewa mwaka 2004. Lugha ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyeweza kuisoma habari yake.

Kampuni changa haiwezi kubadilisha maneno ya msingi ya Python au PHP. Lakini yapo maneno mengi ambayo mwandishi hujichagulia mwenyewe: majina ya vitu ndani ya programu, maelezo yanayomwongoza msomaji wa pili, na maneno anayoyaona mkulima kwenye simu yake. Karani wa Kiritiri anajua kwamba neno moja la Kiingereza linalomaanisha “kipimo” haliwezi kubeba tofauti kati ya gunia lililojazwa hadi mdomoni na gunia lililopachikwa kilemba juu. Kitu hicho kikipewa ndani ya programu jina ambalo watu wa sokoni hukiita, yeye ambaye haandiki programu ataweza kuketi kando ya anayeandika na kusema: hapa umekosea.

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta si ngeni. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ikiwa na menyu na amri kwa Kiswahili. Wanaleksikografia nao walipendekeza “ngamizi” na “tarakilishi”, huku umma ukiendelea kusema “kompyuta”. Katika shule za Kenya “tarakilishi” ilipata nafasi, kwingineko haikupata. Mjadala huo unathibitisha tena hatua ya nne ya Haugen: neno hukubaliwa au hukataliwa na wanaolitumia, na mwenye hoja nzuri zaidi si lazima ashinde.

Pingamizi na majibu yake

Msomaji makini anaweza kupinga kwamba mkabala huu unawafanya watu wafuate umati na kuua ubunifu. Pingamizi hilo lina uzito, na mifano ipo. Paul Graham na Robert Morris walipoanzisha Viaweb mwaka 1995 waliandika sehemu kubwa ya programu yao kwa Lisp, lugha ambayo washindani wao hawakuitumia. Graham baadaye alidai kwamba lugha hiyo iliwawezesha kuongeza mambo mapya haraka kuliko wapinzani. Yahoo iliinunua kampuni hiyo mwaka 1998. WhatsApp nayo, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliegemezwa kwenye Erlang, lugha iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi kwa ajili ya mitambo ya simu. Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014, WhatsApp ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 huku wafanyakazi wake wakiwa makumi tu.

Mifano hii haipingani na hoja ya makala, inaiwekea mipaka. Katika kisa cha WhatsApp, lugha adimu ilikuwa imeundwa kwa kazi ile ile hasa, yaani kupitisha mawasiliano mengi kwa wakati mmoja bila kukatika. Katika kisa cha Viaweb, waanzilishi ndio waliokuwa waandishi, na walibaki hadi kampuni ilipouzwa. Hata hivyo, kwa maelezo ya Graham mwenyewe, mwaka 2003 Yahoo ilitoa toleo jipya la programu hiyo lililoandikwa kwa C++ na Perl. Warithi waliipokea mali, lakini hawakuipokea lugha. Lugha adimu basi yafaa pale ambapo tatizo lenyewe linaidai, na wanaoijua wamejifunga kubaki. Kupima ndengu na kutuma ujumbe si tatizo linalodai lugha adimu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vigezo vya watu, maktaba, umiliki na lugha ya binadamu vinaweza kupima uteuzi wa lugha ya programu kwa uzito sawa na kasi na usalama, na pengine zaidi. Kwa vijana wa Kiritiri wa mfano wetu, hukumu inaelekea upande wa PHP au Python. Kijana wa kwanza hatakuwa ameshindwa. Ujuzi wake wa kunasa makosa unahitajika katika lugha yoyote, na ataonyesha ustadi mkubwa zaidi akiandika programu ambayo mwenzake asiye na shahada anaweza kuirekebisha yeye akiwa hayupo.

Hata baada ya lugha kuteuliwa, kazi haijaisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na programu isiyo na maelezo ni mali ya namna hiyo, hata ikiandikwa kwa lugha inayojulikana na kila mtu. Maelezo hayo yakiandikwa kwa Kiswahili chepesi, na majina ya vipimo yakichukuliwa sokoni, karani wa chama cha ushirika anakuwa mmoja wa walinzi wake. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi mahususi: kusanifu istilahi ambazo waandishi wa programu watazikubali, kwa kwenda walipo na kusikiliza wanavyozungumza.

Mwishowe ni mkulima aliyepeleka magunia yake matatu na kurudi nyumbani na ujumbe kwenye simu. Hajui programu iliandikwa kwa lugha gani, wala hana sababu ya kujua. Ila siku ujumbe huo utakapokosa kufika, na mnunuzi akasema kwamba aliyepokelewa ni magunia mawili, haki yake itategemea kama yupo mtu Kiritiri anayeweza kuifungua programu hiyo na kuisoma.